Mjomba, kabla hujapiga window ya tatu

Mjomba wangu wa Kibaigwa, shikamoo. Na wote wa hapo nyumbani, mbukwenyi.

Uliniruhusu niandike hadharani mradi jina lako lisionekane, nami nimetii. Sababu ya kuandika ni kwamba tangu tumalize lile tatizo la kompyuta yako, watu watatu hapa Dodoma wameniuliza jambo lilelile: kompyuta ya nyumbani inajizima na kujiwasha yenyewe, katikati ya kazi, bila kuaga. Mmoja ni wa Nkuhungu, wawili wa Ipagala. Wote watatu wameshapigiwa window, yaani kufutiwa Windows na kuwekewa upya, angalau mara moja, na wote watatu kompyuta bado inajizima. Nimechoka kusimulia kwa simu, kwa hiyo nakuandikia wewe, wao wasome juu ya bega lako.

Kwanza niungame. Ulipopiga simu mwezi wa sita ukisema kurasa tatu za historia ya ukoo zimepotea, sikukuuliza swali hata moja. Nilijibu papo hapo: vumbi. Najua kiangazi chetu, najua upepo wa Kongwa, na najua boksi lako la CPU liko sakafuni karibu na mlango. Nikakwambia lifunguliwe lisafishwe. Ukalifungua, ukatoa vumbi la kujaza kikombe, ukafunga. Kesho yake jioni ikajizima mara nne. Fundi naye, ambaye tumwache bila jina, akasema virusi, akapiga window kwa elfu kumi na tano. Ikajizima. Akapiga tena. Picha za harusi ya dada zikaenda na maji.

Simlaumu sana kwa kuwaza virusi. Mwaka 2003 kulikuwa na kirusi kilichoitwa Blaster, kiliingia kwenye kompyuta za Windows XP na Windows 2000 kupitia mtandao, na dalili yake ilikuwa hiyohiyo: kidirisha kinatokea, kinahesabu sekunde 60, mashine inajiwasha upya. Mafundi wengi walijifunza kazi kwa wakubwa waliopitia kipindi kile, na jibu la “virusi” likarithiwa kama shamba. Lakini Blaster angalau alikuwa anatoa taarifa. Yako ilikuwa inakatika ghafla, skrini nyeusi, kisha nembo ya kampuni, kama mtu aliyeamka bila kujua alilala.

Kilichotuokoa ni ualimu wako. Nilipokosa la kusema nikakuomba uandike kila inapojizima: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, taa ya chumbani ilifanyaje. Nilitegemea ujumbe wa mistari miwili. Ukaniletea picha ya daftari lenye safu nne zilizopigwa rula. Siku saba, mara kumi na nne. Karibu zote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili na nusu jioni, chache asubuhi saa tatu. Usiku hakuna. Jumapili hakuna hata moja. Na kwenye safu ya taa, mara tisa umeandika “ilififia kidogo”.

Mjomba, vumbi haliendi kanisani. Ramu mbovu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haijui Jumapili. Joto lingekamata mchana wa saa nane, wakati bati linapasuka kwa jua, na wewe saa nane umeandika “salama”. Tena joto lina tabia yake: prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza, mashine inakuwa nzito, ikizidi inazima na kubaki imezima. Ukiiwasha hapohapo inakatika mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Yako ilikuwa inajizima hata dakika mbili baada ya kuwashwa asubuhi, ikiwa baridi kabisa.

Nikakupigia nikauliza: saa kumi jioni hapo jirani kuna nini? Ukakaa kimya, kisha ukacheka. Mashine ya kusaga.

Hapo ndipo nilipopanda basi Nanenane nikaja. Lakini kabla ya kwenda ukutani na mita, tulifanya majaribio mawili ambayo nataka wasomaji wengine wayafanye hata kama hawana jirani mwenye kinu, kwa sababu ni ya bure na yanatenganisha ugonjwa wa Windows na ugonjwa wa mashine.

La kwanza: Windows ikikwama vibaya huleta skrini ya bluu, na kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya yenyewe baada ya hapo. Wakati mwingine bluu hiyo inapita haraka usiione, ukadhani umeme umekatika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kwenye Advanced, kisha Settings ya Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, kama kosa ni la Windows au dereva (programu inayoendesha kifaa), skrini ya bluu itabaki imesimama na jina la kosa limeandikwa. Lipige picha, jina hilo ni nusu ya kazi ya fundi. Ikisema MEMORY_MANAGEMENT, kwa mfano, anza na ramu: chomoa, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, jaribu kijiti kimoja kimoja, kisha endesha mdsched, programu ya Windows ya kupima ramu, usiku kucha ukipenda. Yako baada ya kuondoa tiki iliendelea kukatika kimyakimya, bila bluu.

La pili: iwashe, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayotangulia Windows, iache hapo bila kugusa kitu. Windows bado haijaanza, virusi vya kwenye Windows havijaamka, faili zimelala. Tuliiacha saa kumi kasoro tukinywa chai. Saa kumi na dakika saba kinu kikanguruma, taa ikapepesa, UPS yako, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, ikasema “ta!”, na skrini ikaenda. Ulisimama ukapiga makofi kama umeona goli. Hapo elfu thelathini za window zilikuwa zimeshajulikana zilikwenda wapi.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukiona wakaogopa. Ukifungua eventvwr.msc, kwenye kumbukumbu za System, utakuta mstari mwekundu wa Kernel-Power, namba 41. Fundi wako alikuonyesha huo akasema “Kernel imekufa”. Hapana. Mstari huo unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagana vizuri. Ukichomoa waya ukutani utauona uleule. Faida yake ni saa iliyoandikwa pembeni: tulilinganisha na daftari lako, zikapatana hadi dakika.

Sasa kinu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishakolea. Nyie na kinu mnachota kwenye transfoma moja, kwa hiyo kila kinapowashwa, nyumba zinazofuata kwenye laini zinashuka kwa sekunde moja au mbili. Mita yangu kwenye soketi yako ilisoma volti 221, ikaporomoka hadi 180 na kitu, ikarudi 212. Tangu mavuno yaingie mahindi ni mengi, kinu kinawashwa na kuzimwa mara nyingi jioni. Ndiyo maana tatizo lilikuja na mwezi wa sita, nami nikaliita vumbi kwa sababu vumbi nalo huja msimu huohuo.

Lakini subiri, maana uliniuliza swali zuri: mbona jokofu halikufa, na televisheni haikufa? Pawa saplai nzuri, kile kiboksi ndani ya CPU kinachoilisha kompyuta umeme, ina akiba ndogo ya umeme, inavumilia kama milisekunde 16 umeme ukipotea kabisa, na kushuka kidogo hakuiangushi. Mkosaji mkubwa alikuwa yuleyule uliyemnunua akulinde. UPS ikiona umeme umeshuka inaruka kwenda kwenye betri. Betri yako ni ya mwaka 2018. Betri hizi za risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto la chumba chako halikuisaidia. Kwa hiyo kila kinu kilipoanza, UPS ilikimbilia betri, ikakuta kaburi, ikaiangusha kompyuta ambayo pengine ingestahimili yenyewe. Tulipochomeka CPU moja kwa moja ukutani kwa siku tatu, ilijizima mara moja tu.

Na kujiwasha? BIOS yako ilikuwa imepangwa iwashe mashine umeme ukirudi. Ndiyo maana ilionekana kama “inajiristati” kumbe ilikuwa inakatiwa umeme na kurudishiwa. Laiti ingebaki imezima, hata mimi ningefikiria umeme siku ya kwanza.

Kupima UPS, mjomba, usitumie kompyuta yenye kazi ndani. Chomeka taa ya mezani, chomoa UPS ukutani, tazama. Ikizima papo hapo, betri imekwisha. Ya kwako ni ya volti 12, ampea-saa 7. Nimeinunua hapa mjini, na kuibadilisha ni waya mbili, nyekundu na nyeusi, UPS ikiwa imechomolewa na kuzimwa. Ile printa ya leza nimeitoa kwenye UPS, na tafadhali ibaki ukutani. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi, inaweza kuiangusha UPS peke yake hata kinu kikiwa kimelala.

Na kile kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai, kilichoandikwa 115 na 230: kijana wa hapo alishauri kishushwe hadi 115 “ili ivumilie umeme mdogo”. Asikiguse. Umeme wetu ni 230. Ukikiweka 115 utasikia mlipuko na harufu, na hapo hakutakuwa na cha kutafuta tena. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe pia, kapasita zake hubaki na umeme hata ikishachomolewa.

Kuhusu mwenye kinu, sioni sababu ya kwenda kushtaki. Nilisalimiana naye nikauliza mota inawashwaje. Akanionyesha stata ya star-delta, ile inayoianza mota taratibu na kupunguza umeme wa kuanzia hadi theluthi moja, imerukwa kwa kipande cha waya kwa sababu kontakta moja, yaani swichi yake ya umeme, iliungua. Amesema atanunua nyingine akishauza debe kadhaa. Mkumbushe ukienda kusaga, lakini kwa utani.

Leo ni wiki ya tatu na daftari lako halina mstari mpya. Ile sehemu ya babu kuhama na ng'ombe wakati wa njaa, iandike tena ingali kichwani, na kila aya bonyeza Ctrl na S.

Kifuniko cha CPU nimekifunga kwa skrubu mbili tu. Mbili nyingine ziko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, ukizikuta usizitupe, nakuja Jumamosi.