Kwa wazazi wa Walukuba: mtoto anakula nini saa kumi?

Wanangu wa Walukuba hapa Jinja, mama na baba mlio na watoto wa shule,

Salamu kwenu na kwa wote wa nyumbani.

Muhula mzima nimekaa barazani nikitazama watoto wenu wakirudi shule saa kumi. Kila mmoja ana kitu mkononi: chupa ya soda, pakiti ya biskuti, au dadizi, vile vipande vya unga vilivyokaangwa kwa mafuta meusi. Siandiki kuwagombeza. Najua wengi wenu mnatoka alfajiri, na kumwachia mtoto shilingi 500 ni kwepesi kuliko kuwasha sigiri ya makaa. Lakini jambo hili linaninyima usingizi, na nikilinyamazia nitakuwa sijawatendea kama mzazi.

Tumezoea kuona kitafunio kuwa cha kumnyamazisha mtoto hadi posho, yaani ugali, iive. Sivyo, wanangu. Tumbo la mtoto ni dogo, halibebi chakula cha siku nzima kwa milo miwili. Anachokula katikati ni sehemu ya mlo wake. Soda ya mililita 300 ina vijiko vya chai saba vya sukari au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa hata mtu mzima asipite sita hivi kwa siku. Halafu jioni anasukuma sahani, nanyi mnalalamika kwamba mtoto huyu hali.

Nami nina langu la kukiri. Nilipokuwa nikikaanga maandazi ya kuuza, mafuta ya jana niliyaongezea ya leo, siku baada ya siku, mpaka yakatoa povu na kuwa rangi ya kahawa. Baadhi yenu mlikula maandazi yale mkiwa wadogo. Niwieni radhi. Mafuta yakishanusa vibaya au kuwa meusi, yamwagwe, hata kama roho inauma.

Sasa kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Chukua ndizi sukari zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, zile ambazo pale soko la Amber Court jioni wanakupa kwa bei ya kutupa. Ziponde vizuri, usitie maji hata tone. Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo hadi donge liache kunata mkononi. Mimi, kwa kila vikombe vitatu vya muhogo, natia kimoja cha soya iliyokaangwa kabla ya kusagwa, kwa sababu muhogo peke yake unashibisha lakini haujengi mwili. Sukari ya nini? Ndizi imekwisha kuileta. Sukuma unene wa nusu kidole, kata kwa mdomo wa glasi. Dondosha kipande kidogo kwenye mafuta: kikipanda mara moja na mapovu madogo, moto umefika. Mafuta yasipopata moto, kabalagala inayanywa yote.

Siku ambayo hutaki kukaanga, chemsha viazi vitamu vya rangi ya chungwa pamoja na maganda yake, kwa maji machache, sufuria imefunikwa. Viazi hivi vina vitamini A ambayo macho na kinga ya mtoto vinahitaji. Mwenzetu wa nchi hii ya Uganda, Dokta Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza vitamini katika mazao kama viazi hivi, nasi bado tunavipita sokoni tukitafuta vyeupe! Paka juu yake njugu, yaani karanga, zilizosagwa, kwa sababu vitamini hiyo hupita vizuri mwilini ikiwa na mafuta kidogo.

Kuhusu njugu nisikilizeni sana. Kabla ya kukaanga, zimwage kwenye ungo na mchague moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupeni. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki yote kwa kukaangwa. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, inaweza kumkaba koo. Msagie.

Simsim, yaani ufuta, mnaijua: kaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi ianze kuruka na kunukia, changanya na asali uliyoipasha ikawa nzito, finyanga ingali na joto. Asali iwe ya kushikanisha tu. Mwenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka asimpe kabisa, asali inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru.

Mafenesi, mapapai na maembe siwafundishi, yapo hata kwa jirani. Osheni mikono kabla ya kukata.

Baba wa nyumba, usiisome barua hii kama ya wanawake. Kuponda ndizi ni kazi ya mkono wowote.

Jumamosi hii saa tisa sigiri yangu itakuwa inawaka barazani. Mafuta na unga ninavyo. Kila mmoja aje na ndizi zake zilizoiva na bakuli la kufungia, na watoto waje pia, wao ndio watakaokata kwa glasi.

Ni mimi mama yenu,
Bibi wa baraza, Walukuba, Jinja