Yule mzee aliyechana karatasi kwa meno

Shoga angu Mwajuma,

Za masiku? Huku wazima, mafua tu yanazunguka nyumba nzima, akipona huyu anaanza yule. Voisi yako nimeisikiliza yote, dakika kumi na moja shoga, nimeanza nayo kwenye daladala pale foleni ya Mtongani nacheka peke yangu mpaka konda ananiuliza dada vipi. Eti Hieronimo wa kwenye ile tamthilia ya The Spanish Tragedy ni mzee kichaa tu, hana sababu ya maana, anazunguka weee na mwisho wake haueleweki, bora Hamlet. Haya. Kwa voisi ningepayuka tu, nimeona nikuandikie, na utasoma mpaka mwisho kwa sababu kitabu chenyewe we ndo ulinipa.

Hiyo ya bora Hamlet ya Shakespeare naipita haraka. The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd ndo ilitangulia, ilishachapwa 1592, na vingi unavyovisifia kwa Hamlet vimo humu, mzimu unaotaka kisasi, mtu anayekawia kulipa, mchezo ndani ya mchezo, mwanamke anayerukwa na akili na kufa. Humu ila baba ndo anayemlipia mtoto. Na mtoto kumzika baba ni mambo ya dunia, lakini baba umetoka kitandani usiku na nguo za kulalia kwa sababu umesikia mwanamke anapiga kelele bustanini kwako, unakuta mtu ananing'inia, unamkata kamba unamshusha halafu ndo unaona ni mwanao, Horatio wako. Hapo mi sihitaji anielezee sababu nyingine.

Ila kuna kitu umekiruka. Dakika zote hizo umemwita "mzee", kazi yake hukuitaja hata mara moja. Hieronimo ni hakimu! Mfalme wa Hispania kamkabidhi yeye kesi za watu, kila mwenye shida anamjia anapata haki yake, halafu siku ya kwake hana pa kwenda. Hiyo si sababu?

Unajua mi niko masijala mwaka wa tisa huu. Kuna mama alikuwa anakuja kufuatilia jalada la kesi ya mwanawe, miezi saba hivi, na ni mimi huyu huyu niliyekuwa namwambia mama jalada halijarudi, njoo Jumatatu. Hakuna siku alipandisha sauti. Sasa siku moja nikamwambia tena Jumatatu, akacheka. Akakaa chini kwenye koridoo anacheka huku anapanga karatasi zake sakafuni moja moja kama mtu anaanika dagaa. Wenzangu wakasema huyu kashachanganyikiwa. Basi nilipofika pale Hieronimo anapomlilia mfalme haki halafu anaanza kuchimba ardhi kwa jambia, nilikifunga kitabu nikaenda kufua.

Sasa rudi usome tena ukiangalia karatasi tu. Bel-imperia, mpenzi wa Horatio, kafungiwa ndani, anaandika barua kwa damu yake, inamdondokea mzee kutoka juu, inawataja wauaji, Lorenzo kaka yake, mtoto wa Mtawala wa Castile, na Balthazar mwana wa makamu wa mfalme anayetawala Ureno. We unasema hapo ndo angewaua yakaisha. Angewauaje? Ni hakimu, ana karatasi moja, imedondoka hewani, inamtuhumu mpwa wa mfalme, mtu yeyote aliyekaa mahakamani atajiuliza huu si mtego? Kwa hiyo anatafuta ushahidi wa pili. Huko sikuiti kuzunguka, ni kazi anaifanya, tena na akili zake zote.

Na ushahidi wa pili unapatikana vipi, hapa ndo Kyd alinimaliza. Pedringano, mtumishi aliyeshiriki kumuua Horatio, Lorenzo anamtuma amuue mwenzake ili kuziba midomo, anakamatwa, anasimamishwa mbele ya Hieronimo huyo huyo! Na jamaa hana wasiwasi kabisa, anataniana na mnyongaji kwenye kitanzi, kwa sababu kuna kijana kasimama pembeni kashika kasha anamwonyesha kwa kidole, na ye anajua msamaha wake umo humo. Kasha tupu. Yule kijana alishachungulia akaona hamna kitu lakini bado kasimama pale ananyoosha kidole. Anaponyongwa ndo wanamkuta na barua nguoni, ya kwa Lorenzo, mauaji yote yamo. Kwa hiyo hakimu kamhukumu muuaji wa mwanawe bila kujua, na ushahidi kaupata kwa maiti.

Haya, karatasi mbili zinakubaliana, anakwenda kwa mfalme, na mfalme hata hajui kama Horatio kafa. Yuko bize na balozi wa Ureno, mambo ya ndoa na fidia ya Balthazar, ambaye Horatio ndo alimteka vitani. Lorenzo anamzuia mzee, halafu anamnong'oneza mfalme kwamba huyu kachanganyikiwa, shida yake anataka ile fidia ya Balthazar aile yeye. Mfalme, maskini si mtu mbaya, anasema basi apewe hizo pesa. Yaani mtu analilia maiti anaandikiwa malipo.

Baada ya hapo ndo wanakuja wale wananchi na makesi yao, na mzee Bazulto kakaa kimya nyuma na barua yake mkononi, mwanawe kauawa. Hieronimo anaingiza mkono atoe leso amfute machozi, inatoka ile leso yenye damu ya Horatio, ile aliyoapa hataiacha mpaka alipe. Ndo anapozivaa karatasi za wale wengine anazichana kwa meno, wanapiga kelele hati yangu, shauri langu, na yeye anawajibu nionyesheni hata tone moja la damu lililotoka humo. Unaita uchizi, mi naona ndo jibu lenye akili kuliko yote humo ndani. Ingawa sikatai, dakika moja baadaye anamwona Bazulto anadhani ni Horatio karudi, hapo akili imeondoka kweli. Inaenda inarudi. Mkewe Isabella yake haikurudi, yeye hana cheo wala barua ya kusubiri, kakata miti yote ya pale mwanawe aliponyongwa kisha akajichoma kisu.

Sasa ulimi. Uko sahihi kwamba haieleweki, Hieronimo kashaua ndani ya ule mchezo wao wa mbele ya wafalme, kautoa mwili wa Horatio nyuma ya pazia, kawaeleza kila kitu, halafu wakimuuliza anakataa kusema na anaung'ata ulimi anautema. Anaficha nini tena? Mi nadhani hafichi chochote. Alipotaka kusema walikuwa bize. Leo wamefiwa na wao ndo wanataka maelezo, na vitisho vya mateso juu. Wanasema basi si anaweza kuandika? Wanampa kalamu, anaonyesha kwa ishara anataka kisu cha kuichongea, wanampa! Anamchoma baba yake Lorenzo halafu anajichoma mwenyewe. Yule baba hapo sitamtetea Hieronimo, hakumkosea kitu, tena ndo alikuwa kawapatanisha yeye na Lorenzo. Na mzimu wa Andrea, yule mpenzi wa kwanza wa Bel-imperia aliyeuawa vitani na Balthazar, unafurahia kila maiti, na ya huyo pia.

Kingine nimekigundua juzi. Baba yake Kyd alikuwa karani, kazi yake kuandika hati za watu pale London, kwa hiyo mtoto kakulia kwenye wino kama wanangu wanavyokulia kwenye mihuri. Na 1593 wakamkamata Kyd kwa sababu ya karatasi walizozikuta chumbani kwake, za kukana dini, akasema si zangu ni za Marlowe, mwandishi mwenzake wa tamthilia, tuliwahi kuandikia chumba kimoja. Walimtesa. Alitoka, akaandika barua kujitetea, na mwaka uliofuata akafa hana hata miaka arobaini. Mchezo ulikuwa umeshachezwa kitambo kabla ya hayo yote, ndo kinachonitisha.

Bel-imperia sijamgusa kabisa, najua ndo wako. Nijibu hili moja, pale anapojiua baada ya kumchoma Balthazar wakati mzee hakuwa kampangia afe, we unaona alijisahau au alishaamua tangu ile barua ya damu? Usinitumie voisi, andika. Mama yako msalimie, mwambie ile mbegu ya mchicha imeota.

Mwenzio,
Zuhura