Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa umoja wetu hapa Texas, Desemba 2025

Ndugu mlezi wetu, wazee wetu, wajumbe wa kamati tendaji, kina mama, vijana, na wanachama wote mliofika pamoja na wale waliopiga simu kusema wako njiani: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Katiba inanitaka nisome taarifa ya mwaka mbele yenu, nami nitaanza na yale mnayoyajua ili niyamalize haraka. Futari ya pamoja ilifanyika. Pikniki ya Julai ilifanyika, na nyama haikutosha kwa sababu waliojiandikisha walikuwa nusu ya waliokuja. Sikukuu ya Uhuru ya Tanzania na ile ya Jamhuri ya Kenya tuliziunganisha tena Jumamosi moja, na hakuna aliyegombana. Darasa la Kiswahili la watoto lilisimama mwezi wa tano, litaendelea mwalimu akipatikana. Tulifiwa mara 5. Marehemu 3 tuliwasafirisha nyumbani na 2 tukawazika hapa hapa Texas. Michango ya misiba ilifika dola 31,400, yote ikaenda kwa wafiwa, na risiti anazo mweka hazina. Nje ya misiba tulikuwa na salio la mwaka jana dola 2,305, ada dola 3,660, na harambee ya pikniki dola 1,950. Tumetumia dola 6,480, zimebaki 1,435. Mwenye swali la fedha amwone mweka hazina wakati wa chai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza ukumbi leo.

Kuanzia mwezi wa nane wengi wenu mlianza kupokea barua pepe, na wengine kadi za posta, kuhusu suluhu ya kesi dhidi ya kampuni ya simu ya AT&T. Mzee wetu mmoja aliisoma ile kadi, akaona maneno "mahakama" na "jimbo la kaskazini la Texas", akadhani ameshitakiwa yeye. Aliificha kwenye droo wiki nzima asimwambie hata mkewe. Mwingine aliifuta kwenye simu akidhani ni matapeli, na simlaumu, maana imeli za matapeli tunazipata kila siku.

Kwa faida ya wasiokuwepo usiku wa fomu, tulipokusanyika ukumbini kusaidiana kujaza fomu za madai, narudia kwa kifupi. Hii ni kesi ya pamoja: watu wachache wanashitaki kwa niaba ya wote waliopatwa na jambo lile lile, na wakipatana na kampuni, makubaliano yanawahusu wote. AT&T ilitangaza tarehe 30 Machi 2024 kwamba taarifa za wateja wa sasa na wa zamani wapatao milioni 73 zimevuja, kwa baadhi yao hata namba ya Sosho, yaani Social Security, namba ya utambulisho inayotolewa na serikali ya Marekani. Kisha tarehe 12 Julai 2024 ikatangaza uvujaji wa pili: kumbukumbu za simu na meseji za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi za mwaka 2022, yaani nani alimpigia nani, bila maneno yenyewe. Kampuni haikukiri kosa, lakini imekubali kutoa dola milioni 177: milioni 149 kwa uvujaji wa kwanza na milioni 28 kwa wa pili. Kesi iko mahakama ya shirikisho hapa hapa Dallas, na kikao cha jaji kuangalia kama suluhu ipitishwe kimepangwa tarehe 15 Januari 2026.

Aliyepokea tangazo alikuwa na njia nne. Kujaza fomu ya madai. Kujitoa kwa maandishi ili abaki na haki ya kufungua kesi yake mwenyewe. Kubaki ndani lakini kumwandikia jaji pingamizi. Au kukaa kimya, na akikaa kimya hapati hata senti na haki ya kushitaki kwa jambo hilo inakwisha vile vile. Hiyo ya nne ndiyo watu wetu huichagua bila kujua, na ndiyo iliyonifanya niitishe usiku wa fomu. Wazo lilikuwa langu, naomba liandikwe kwenye kumbukumbu, kwa sababu sasa nasikia lina baba wengi.

Usiku ule walifika watu zaidi ya 130. Mkutano mkuu wa Aprili, wenye akidi ya watu 50, walifika 23, tukaangaliana, tukanywa chai, tukaondoka. Nitarudi hapo.

Gharama ya usiku wa fomu ilikuwa dola 506: ukumbi 300, wino na karatasi 86, chai na maandazi 120. Fungu lililotumika ni la semina. Aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba nilichota mfuko wa misiba yuko humu ndani, na mweka hazina yuko humu ndani. Wasalimiane.

Sasa malalamiko yenyewe. Inasemwa kwamba mwenyekiti amewanyima wanachama dola 7,500 kila mmoja. Inasemwa kwa sababu nilikataa katibu asiandike barua zenye muhuri wa umoja kuthibitisha hasara za wanachama. Ni kweli nilikataa. Ni kweli pia kwamba kamati haikukaa kwanza. Ibara ya dharura ya katiba yetu inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua na kulileta jambo kwenu baadaye, na leo nimelileta.

Hiyo 7,500 ilitoka wapi? Suluhu inasema mwenye hasara iliyosababishwa na uvujaji wa kwanza anaweza kudai hadi dola 5,000, na wa pili hadi 2,500, na aliyeguswa na yote mawili anaweza kudai kotekote. Jumlisha unapata 7,500. Lakini neno "hadi" watu walilisoma kama halipo, na sharti linalofuata hawakulisoma kabisa: lazima uwe na ushahidi wa maandishi kwamba ulipoteza fedha kiasi hicho, na kwamba chanzo chake kinaweza kufuatiliwa hadi kwenye uvujaji huo. Asiye na ushahidi wa hasara anapata mgao wa kinachobaki, baada ya mawakili na gharama za usimamizi. Katika fungu la kwanza, ambaye Sosho yake ilivuja anapata mara tano ya ambaye haikuvuja.

Tupige hesabu pamoja. Milioni 149 kwa watu milioni 73: wote wakidai, kabla mawakili hawajagusa, ni kama dola 2 kwa kichwa. Wakidai robo yao, ni kama dola 8. Ndizo fedha ambazo watu wamenitukania mama yangu saa sita za usiku.

Tena si mara ya kwanza. Waliokuwepo mwaka 2019 wanakumbuka suluhu ya Equifax, kampuni ya kumbukumbu za mikopo iliyovujisha taarifa za watu milioni 147, na ile habari ya kila mtu kulipwa dola 125 iliyozunguka kila kundi. Fungu la fedha taslimu lilikuwa dola milioni 31 tu, serikali yenyewe ikatoka kuwaambia watu wachague huduma ya kulindiwa taarifa badala ya fedha. Waliodai fedha baadaye waliandikiwa wathibitishe kwamba wana huduma hiyo kwingine, wengi hawakujibu. Na wale waliodai suluhu ya Facebook ya dola milioni 725, mwisho wa kudai ulikuwa 25 Agosti 2023. Fedha zimeanza kuingia Septemba mwaka huu, zaidi ya miaka miwili, na wastani ni kama dola 30. Waliozipata hawajaniambia asante, ingawa ni mimi niliyetuma kiungo cha fomu ile kwenye kundi.

Turudi kwenye barua. Katibu aliletewa barua 11 zilizokwisha kuandikwa, zinangoja muhuri tu. Nilizisoma zote. Mwanachama mmoja alipoteza dola 3,200 kwa tapeli aliyemuuzia kiwanja cha Kigamboni chenye wenyewe. Pole sana ndugu yangu, lakini AT&T inahusikaje na kiwanja cha Kigamboni? Mwingine alimtumia fedha mtu aliyejifanya binamu yake amelazwa Mombasa. Wa tatu aliniambia wazi kwamba hajapoteza kitu, ila "kampuni ina hela nyingi, mwenyekiti, wewe gonga tu". Barua hizo zingesema nini? Kwamba umoja huu, uliosajiliwa katika jimbo la Texas, unathibitisha jambo ambalo umoja haukuliona.

Fomu ile mwishoni ina sehemu ya saini inayosema kwamba unaapa yaliyomo ni kweli, na ukiapa uongo ni kosa la jinai. Wengi wetu humu tuna grini kadi, wengine wanangoja uraia. Fomu ya uraia inakuuliza kama umewahi kutenda kosa hata kama hukukamatwa. Mtu yuko tayari kukaa mbele ya ofisa wa uhamiaji na swali hilo kwa ajili ya barua ya kiwanja? Msimamizi wa madai ana haki ya kurudisha dai, kuomba karatasi zaidi au kulikataa, na hawezi kushindwa kuona barua 11 zenye muhuri mmoja na maneno yale yale, hata kosa la herufi lile lile. Na katibu, ambaye ndiye angesaini, ana kikao chake cha uraia mwakani. Nilimlinda yeye, niliwalinda wale 11, na niliulinda muhuri. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nikirudishwa nyuma hadi siku ile nitafanya vile vile.

Wanaosema hatukumsaidia mtu hawamtaji dada yetu aliyefunguliwa kadi ya mkopo kwa jina lake na mtu asiyemjua. Alikuja na ripoti ya polisi, barua za benki na taarifa za akaunti. Dai lake lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote usiku ule, kila karatasi ikapigwa picha na kupandishwa, nami nilikaa naye hadi mlinzi alipokuja kuzima taa. Hakuhitaji muhuri wetu kwa sababu alikuwa na karatasi zake.

Kuna pia suala la kijana aliyetaka kuwajazia fomu wote kwa asilimia 20. Alitaka kila mtu ampe namba ya Sosho, tarehe ya kuzaliwa na akaunti ya Zelle, ile huduma ya kutumiana fedha. Nilimtoa ukumbini kwa adabu. Nikasikia eti nilimtoa ili asilimia 20 niichukue mimi. Ndugu zangu, kudai ni bure. Msimamizi wa madai aliyekubaliwa na mahakama hakutozi kitu. Sisi, tunaojaza fomu kwa sababu Sosho zetu zimevuja, tumpe Sosho mtu tuliyekutana naye mlangoni!

Kuhusu tarehe, mwisho ulikuwa 18 Novemba, ukasogezwa hadi 18 Desemba. Niliandika kwenye kundi siku niliyopata habari. Waliosema hawakuambiwa ni wale wale waliolizima kundi kwa sababu ya picha za asubuhi njema.

Niingie kwenye ada. Daftari lina wanachama 214. Ada ni dola 60 kwa mwaka, dola 5 kwa mwezi, haifiki bei ya kahawa moja na keki yake. Waliolipa ni 61. Usiku wa fomu nilishauriwa na wajumbe wawili tuwahudumie waliolipa peke yao, nikakataa, tukahudumia kila aliyeingia pamoja na wageni kutoka Houston. Nilidhani wataona aibu walipe. Waliolipa baada ya hapo ni wanne. Lakini msiba ukitokea usiku, simu ya kwanza inapigwa kwa mwenyekiti, na hakuna anayeniuliza kama ada yake iko wapi. Napendekeza mkutano huu ujadili kama asiyelipa miaka miwili aendelee kuitwa mwanachama. Najua nani watapinga.

Mahudhurio nimeshayataja. Kamati tendaji yenye wajumbe 9 imekaa mara 6, na mara 2 tulikuwa watatu. Wajumbe waliochaguliwa kwa shangwe wakatoweka wanajijua, sitawataja kwa heshima ya watoto wao waliopo hapa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza mazungumzo ya kupata ukumbi wetu wenyewe, kufufua darasa la watoto, kuangalia uwezekano wa bima ya misiba, na kumpata wakili miongoni mwa watoto wetu waliosoma hapa ajitolee siku moja moja. Mikakati ipo.

Mwisho, kwa wote mliodai: ukihama nyumba au ukibadilisha imeli, mjulishe msimamizi wa madai mwenyewe, usinijulishe mimi. Tunza namba ya uthibitisho uliyopewa ulipomaliza fomu. Ukichagua hundi, itakuja na tarehe ya kuisha, ipeleke benki mapema. Na jaji akipitisha suluhu Januari, mtu anaweza kukata rufaa na fedha zikakawia, kwa hiyo nisiulizwe kila wiki. Fomu za suluhu nyingine zitakapokuja, kamati itatangaza, na utaratibu utakuwa huu huu: bure, bila muhuri.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti