Damu tunayochangia ipimwe kingamwili mlipuko ukija, na majibu tupewe

Mhariri,

Naomba unichapishie hili maana naona linapita hivihivi tu. Sisi tunaochangia damu hapa Mwanza, iwe kwenye kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa au timu yao ikija vyuoni, damu yetu haiendi yote kwenye mfuko. Kuna vichupa vidogo vinajazwa pembeni, hivyo ndo vinapelekwa maabara kupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na kinachobaki humo kingeweza kufanya kazi nyingine kubwa sana. Ombi langu, ukitokea mlipuko wa virusi, kipimwe pia kingamwili za hivyo virusi, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza kupambana navyo, afu majibu yatangazwe kila mwezi wilaya kwa wilaya, Ilemela, Nyamagana, Magu, Sengerema, Ukerewe.

Hesabu tunazosikiaga redioni ni za walioumwa wakafika hospitali wakapimwa, sasa yule aliyekohoa siku mbili akaendelea kuuza dagaa wake Mwaloni Kirumba nani kamhesabu? Hakuna. Lakini wiki moja mbili baada ya virusi kuingia, mwili unatengeneza kingamwili na zinakaa kwenye damu miezi, hata kama mwenyewe hakuhisi chochote. Na mchangia damu ni mtu mzima wa afya, anapanda daladala, anaenda sokoni, ndo maana damu yake inaonyesha kilichopita kimyakimya mtaani ambacho ukikaa wodini hukioni.

Na hili limeshafanyika, tena jirani tu. Kenya mwaka 2020 korona ilivyoanza, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walipima sampuli zaidi ya 3,000 za wachangia damu, za kuanzia mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Juni, wakarekebisha hesabu wakapata asilimia 4.3 ya watu wana kingamwili, Mombasa 8, Nairobi 7.3, na Kisumu, watu wa ziwa hilihili letu, 5.5. Wakati huo waliothibitishwa nchi nzima walikuwa hawajafika hata 4,000! Yaani virusi vilishapita kwa watu kama milioni moja au zaidi na wengi wao hawajui. Walivyorudia Januari hadi Machi 2021 ikawa karibu nusu ya wachangiaji, asilimia 48.5. Afrika Kusini nao Januari 2021 walipima hivyohivyo, Eastern Cape wakakuta asilimia 63.

Sisi je? Takwimu zetu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509, kuanzia hapo tukabaki na "changamoto ya upumuaji", nyungu na maneno ya vijiweni, huyu anasema haujafika Mwanza, huyu anasema tumeupata wote umeshaisha, na hakuna aliyekuwa na namba ya kumjibu mwenzake. Mimi inaniuma kwa sababu damu ilikuwepo, kituo kilikuwepo, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo chao hapahapa mjini.

Najua kuna watakaoogopa kwamba tunachunguzwa kisiri, na hofu hiyo siidharau hata kidogo. Kwa hiyo mtu aambiwe palepale kwenye fomu kabla hajalala kitandani, jina litolewe, kibaki umri, jinsia, wilaya na tarehe basi. Kuhesabu wilaya jina langu halihitajiki.

Pia tusidanganyane, damu hii haisemi kila kitu. Watoto hawachangii, wazee sana na wagonjwa hawachangii, wanaume tunakuwaga wengi kuliko akina mama, hivyo lazima wataalamu warekebishe hesabu kama Wakenya walivyofanya, na kipimo chenyewe kwanza kijaribiwe kwenye damu iliyohifadhiwa kabla virusi hivyo havijaingia nchini, kisije kikaona kingamwili ambazo hazipo. Afu kingamwili zinapungua na muda, na kuwa nazo sio leseni ya kusema hutaumwa tena. Na kwa ugonjwa kama Marburg uliotokea Kagera 2023 na tena Biharamulo 2025 njia hii haina msaada, kule kazi ni kumfuatilia kila aliyemgusa mgonjwa. Hii ni ya magonjwa yanayosambaa kwa wengi bila kelele, korona, dengue, mafua mapya, na hayo kwenye mji wenye meli, mabasi na wavuvi wa visiwani kama huu wetu lazima yatakuja tu.

Sasa Wizara ya Afya na Mpango wa Taifa wa Damu Salama watuambie, utaratibu huu upo au haupo, na kama haupo unakwama wapi, ni vitendanishi (kemikali za kupimia), ni hela, au ni kibali? Wakijibu kupitia ukurasa huu tutasoma.

Mchangia damu,
Nyakato, Mwanza