Mgeni wa pwani aulize maji kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai yangu kuhusu watu wanaokwenda kupumzika katika vijiji vitulivu vya pwani za joto, ambao wengi wao hufika na ratiba ya saa ya mkononi, ilhali kijiji cha wavuvi huendeshwa na maji. Mahali pengi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati zake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ufuo uliochangamka asubuhi ya Jumatatu waweza kuwa kimya saa hiyo hiyo Ijumaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana, na hapo ndipo utawaona kina mama wameinama mwambani wakichokoa pweza kwa kijiti.

Mgeni huona mandhari ya picha. Mwenye kijiti yuko kazini na ana saa chache tu. Mimi mwenyewe (nakiri kwa aibu) niliwahi kumwelekezea mmoja wao kamera bila hata salamu, akanigeuzia mgongo. Siku ya pili nilimwamkia kwanza, naye akanionyesha jinsi tundu la pweza linavyotambulika kwa maganda ya kombe yaliyorundikana mlangoni, akanionya pia nisikanyage matumbawe hai.

Ningependa wenye hoteli wabandike jedwali la maji kupwa na kujaa mapokezi, kando ya saa za chakula.

Msomaji wako