Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama Waanzilishi wa Shule
Mkutano Mkuu, Jumamosi 14 Desemba 2024

Ndugu wanachama, kamwene!

Mambo ya kawaida mnayajua, sitawachosha. Mihula miwili imekwisha salama, uji umepikwa, siku ya wazazi ilifanyika, mwalimu mmoja ametuacha na wawili wameajiriwa. Shule ina watoto 115, kuanzia awali hadi darasa la tatu. Mapato yote ni milioni 32 na laki 7, matumizi milioni 32 na laki 1. Mchanganuo anao mweka hazina.

Kwa wanachama wageni: tulianza 2019 na watoto 23 wa awali ndani ya stoo ya viazi, kwa sababu shule ya serikali iko ng'ambo ya mto, na masika mtoto wa miaka mitano havuki. Stoo ile ilikuwa yangu na sikudai kodi hata mwezi mmoja. 2020 corona ikafunga shule Machi hadi mwisho wa Juni, wengi wakasema basi tena. Sikukubali. 2022 tukafungua darasa la kwanza.

Sasa nije kwenye miti, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi leo.

Ni kweli ekari zetu 4 za paina zimeuzwa zikiwa na miaka tisa. Ni kweli pia kwamba zingesubiri hadi miaka kumi na minane zingetupa fedha nyingi zaidi. Nami nina shamba la miti, sihitaji kufundishwa. Lakini wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walikuja Februari wakasema usajili hautoki bila vyoo: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Tuna wasichana 64 na wavulana 51. Pigeni hesabu: manne na manne... hapana, manne na matatu, jumla saba, nasi tulikuwa na matatu. (Huyo mvulana wa 51 aliyetuongezea tundu zima ni mjukuu wangu. Nimekwisha kutaniwa vya kutosha.) Mwakani tunafungua darasa la nne, lenye upimaji wa kitaifa. Shule isiyosajiliwa ingewapeleka wapi watoto hao? Na moto wa Oktoba mwaka jana uliokula miti ya jirani yetu usiku mmoja, mmeusahau?

Tulipata milioni 11 na laki 2. Zote ziliingia benki, zikatoka zikiwa matundu manne, tenki la maji na ofisi ya mwalimu mkuu. Barua ya usajili tuliipokea Septemba.

Inasemwa kwamba mnunuzi ni shemeji yangu. Ni shemeji yangu. Waliotoa bei walikuwa watatu na yake ndiyo iliyokuwa juu. Karatasi ziko kwa katibu. Kumnyima kwa sababu nimeoa kwao nako kungekuwa haki?

Wanaosema hawakushirikishwa, nawauliza walikuwa wapi. Tuko wanachama 61, na akidi, yaani idadi inayotosha mkutano kuamua, ni 31. Mkutano wa Machi walifika 17. Tukaahirisha hadi Aprili, wakafika 14, na mvua haikunyesha siku hiyo. Ilikuwa siku ya gulio tu. Kamati ikaamua, kama katiba inavyoiruhusu. Leo nawaona 50 na zaidi. Kumbe njia mnaijua.

Ada ya uanachama ni shilingi 40,000. Waliolipa ni 24. Wengine 37 hawajatoa hata shilingi, yaani 1,480,000 ziko mifukoni mwenu, mbali na madeni ya nyuma ambayo leo sitayagusa. Kati ya hao 37 wamo waliopiga kelele zaidi kuhusu miti. Sitaji majina.

Mwakani, Mungu akipenda, tutapanda miti mingine, tutaezeka darasa la tano, na umeme ukifika kijijini tutaangalia habari ya kompyuta. Basi la shule nalo tunalifikiria.

Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Atakuwepo hadi mtu wa mwisho atoke.