Jiwe lililogawa vyeo Athene

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Huku hatujambo, mvua zimeshika na watoto wamefungua shule.

Barua yako imefika. Paliponigusa zaidi ni pale uliposema kwamba Athene ya kale unaimaliza na wanafunzi wako wa uraia kwa sentensi mbili: wananchi walikusanyika kilimani, wakanyoosha mikono, demokrasia ikazaliwa. Nakuomba uwape zaidi ya hapo, maana lililo kubwa limebaki nje. Viongozi wengi wa Athene hawakugombea wala kupigiwa kura. Walipatikana kwa bahati nasibu.

Majemadari 10 wa kila mwaka ndio walichaguliwa kwa kura, kwa kuwa vita vinataka anayevijua. Lakini wajumbe 500 wa Baraza, waamuzi wa mahakamani, wakaguzi wa vipimo sokoni, hao wote iliwaangukia bahati tu. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa enzi hizo, aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati nasibu ndiyo desturi ya demokrasia, na kuchagua kwa kura ni desturi ya utawala wa wachache. Mimi nakubaliana naye. Kwenye uchaguzi hutangulia mwenye jina, mwenye mali na mwenye ulimi. Bahati nasibu haimjui mtu.

Na kifaa chenyewe cha bahati nasibu kipo mpaka leo. Vipande vyake vinaonekana kwenye makumbusho ya Agora, pale palipokuwa soko kuu la mji. Ni bamba la jiwe lililosimamishwa wima, usoni limechongwa nafasi nyembamba, safu chini ya safu. Kila mwananchi aliyetaka kuhukumu alikuwa na kitambulisho chake, kijibamba cha shaba kilichochorwa jina lake, la baba yake na la kijiji au mtaa wake. Asubuhi ya siku ya kesi vitambulisho vilichomekwa kwenye zile nafasi. Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na bomba, na ndani yake vilimiminwa vigololi vyeupe na vyeusi vikiwa vimechanganywa, kisha vikaachiwa kimoja baada ya kingine. Kikitoka cheupe, safu nzima ya juu imeingia kazini. Kikitoka cheusi, safu nzima inachukua vitambulisho vyake na kurudi nyumbani. Huendelea hivyo mpaka safu ya mwisho. Sasa wewe mwenye kesi na mfuko wa fedha, utamhonga nani? Jana yake hakuna ajuaye nani atakaa kukusikiliza.

Vitambulisho vingi vya namna hiyo vimefukuliwa makaburini. Watu walizikwa navyo. Nadhani hilo linasema mengi zaidi kuhusu uraia wao kuliko hotuba zote tunazozinukuu.

Mpangilio huu ulianza kujengwa na Cleisthenes, mwanasiasa wa Athene, mwaka 508 KK. Aliwagawa wananchi katika makabila 10 mapya, na kila kabila akaliunganisha kutoka sehemu tatu: watu wa pwani, watu wa mjini na watu wa bara. Mvuvi, fundi na mkulima wakajikuta kabila moja, wanakaa pamoja kwenye Baraza, na nguvu za koo kubwa zilizozoea kutawala maeneo yao zikapungua. Kila kabila lilitoa wajumbe 50, na kwa sehemu moja ya kumi ya mwaka hao 50 ndio walioshika zamu ya kuendesha shughuli za mji. Kila siku mmoja wao alipata uenyekiti kwa bahati nasibu. Mchana mmoja na usiku mmoja alishika mhuri wa dola na funguo za hazina, na maishani mwake hakuupata uenyekiti huo tena.

Usidhani walimpokea mtu hivi hivi tu. Kabla ya kushika cheo aliulizwa hadharani: baba yako nani, mama yako nani, wazazi wako unawatunza, kodi umelipa, vitani umekwenda? Akimaliza muda wake, hesabu zake zinakaguliwa na mwananchi yeyote anaweza kumshtaki. Na ili maskini asishindwe kuacha shamba lake, kiongozi wao Pericles alianzisha posho kwa waamuzi, oboli 2 (sarafu ndogo za fedha) kwa siku, baadaye zikawa 3. Wenye mali waliipiga vita sana posho hiyo. Mimi naona bila posho bahati nasibu ingekuwa mchezo wa matajiri.

Lakini Rehema, tafadhali usiwafiche watoto upande wa pili. Wanawake hawakuwa na kitambulisho. Sheria ya mwaka 451 KK ilidai raia azaliwe na baba na mama wote Waathene, kwa hiyo damu ya mama ilihesabiwa, sauti yake haikuhesabiwa. Wageni waliokaa mjini vizazi na vizazi hawakuwamo. Ipo sheria iliyochongwa kwenye jiwe mwaka 375 KK, kuhusu mtumwa wa serikali aliyewekwa Agora kukagua kama sarafu za fedha ni halali. Soko zima lilitegemea jicho lake. Asipofanya kazi yake, sheria inasema apigwe viboko 50. Mkaguzi mwananchi alitozwa faini. Mtumwa alichapwa. Hapo moyo wangu hukataa kabisa kuisifu Athene bila kusita.

Na umati nao ulikosea vibaya. Mwaka 406 KK majemadari walishinda vita vya baharini huko Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Mkutano wa wananchi ukataka wahukumiwe wote kwa kura moja, kinyume cha sheria iliyompa kila mtu haki ya kesi yake. Wajumbe wa zamu wakasita, wakatishwa, wakakubali. Mmoja akakataa. Alikuwa mwanafalsafa Socrates, ambaye bahati ilimwangukia mwaka ule kuwa mjumbe wa Baraza. Majemadari sita wakauawa, na baadaye Waathene wakajuta. Miaka saba ikapita, Socrates naye akasimama mbele ya waamuzi waliotokana na bahati nasibu, wakamtia hatiani. Kura 30 tu zingehamia upande wa pili angeachiwa.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, waasisi wa Marekani waliiogopa Athene. Mwaka 1788 mmoja wao, James Madison, alitetea serikali ya wawakilishi wanaochaguliwa, na dunia nzima ikafuata njia hiyo, bahati nasibu ikabaki mahakamani kwenye baraza la wananchi waamuzi. Naona walitupa kilicho chema pamoja na kibaya. Ireland mwaka 2016 walikusanya wananchi 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, wakawaweka pamoja na mwenyekiti mmoja kujadili mambo mazito ya katiba, likiwemo la utoaji mimba, na mapendekezo yao kuhusu hilo yakaenda kwenye kura ya maoni mwaka 2018.

Jaribu darasani: kiranja wa wiki apatikane kwa bahati nasibu, kisha Ijumaa atoe hesabu mbele ya wenzake. Uwaulize pia, wangekuwa wale wajumbe wengine wa zamu, wamezungukwa na umati unaopiga kelele, wangefanya nini? Wakijibu, niandikie majibu yao kama walivyosema wenyewe. Swali lako kuhusu Roma nitalijibu kwenye barua ijayo.

Wasalimie wazee.

Rafiki yako,
Mwanaidi